Pancha ya Njia ya Laare

Mimi ni mtu mwenye hasira za karibu. Mke wangu husema hivyo, watoto wangu husema hivyo, na ile pikipiki ya serikali niliyopewa miaka ya themanini ingekuwa na mdomo ingewaunga mkono. Niliipiga teke mara nyingi. Niliitukana kwa Kiembu, lugha ya nyumbani kwetu, kwa kuwa Kiswahili changu cha shule hakikuwa na maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Na karibu kila mara sababu ilikuwa moja tu, nayo ni pancha.

Nilikuwa afisa mdogo wa mifugo. Wakulima walituita daktari, nasi hatukuwakataza, ingawa daktari mwenyewe, yule mwenye digrii, alikaa Meru mjini na kwetu alionekana kwa nadra. Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu ya fahali, kutibu homa za kupe, kuvuta ndama waliokwama, na kujaza fomu ambazo sijui zilisomwa na nani. Kituo changu kilikuwa Muthara. Eneo nililopewa lilianzia huko chini kwenye joto na miiba, likapanda vilima vya Nyambene mpaka Laare na mbele kidogo. Aliyelichora kwenye ramani nadhani hakuwahi kulipita kwa pikipiki.

Upande wa chini adui yangu alikuwa mwiba wa mgunga, ule mweupe mrefu, ambao una tabia mbaya ya kukatika na kuacha ncha ndani ya tairi. Upande wa juu adui alikuwa msumari wa mabati. Watu wa miraa, vile vijiti vya kutafuna vinavyouzwa mpaka Nairobi, walikuwa wakijenga nyumba mpya kila mwezi, na kila fundi aliyepanda juu ya paa alitawanya misumari barabarani kama anayepanda maharagwe. Nilikuwa na kisanduku cha bati chenye viraka vya mpira, kitube cha gundi tuliyoiita solusheni, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kubandulia tairi, na kampira kembamba ka vali kalikokuwa kamesahaulika humo tangu enzi za baiskeli. Pampu ya mkono ilifungwa kando ya fremu.

Pancha ya kwanza niliiziba mara tatu. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi, na nilijua kila mfupa wa ng'ombe kwa jina lake. Nilibandua tairi, nikatoa tyubu, nikapata tundu, nikabandika kiraka, nikarudisha, nikajaza upepo, nikapanda. Hatua mia mbili tairi limelala. Nikarudia. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa katikati ya barabara nikizungumza peke yangu, ndipo fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa akipita akasimama, akaingiza vidole ndani ya tairi, akavipitisha polepole kuzunguka mpaka akaguna. Akanionyesha ncha ya mwiba, ndogo kama punje ya mtama. Hakunicheka. Aliniambia tu nisiwe na haraka na vidole vyangu, akaenda zake. Nilimkasirikia kwa siku mbili nzima.

Siku ninayotaka kuisimulia, kikaratasi kililetwa ofisini asubuhi na dereva wa pikapu aliyekuwa ameshuka kutoka Laare. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli: ng'ombe alizaa jana jioni vizuri, leo amelala, hawezi kusimama, masikio ni baridi, tafadhali njoo haraka. Nilimjua aliyeandika kabla sijamaliza kusoma.

Alikuwa mama wa makamo aliyeishi mbele kidogo ya Laare, na vilima vizima vilimjua, kwa sababu alifanya jambo ambalo huko linaonekana kuwa karibu na wazimu. Aling'oa miraa. Mumewe alikuwa mwalimu aliyefundisha mbali, upande wa Embu, na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Walikubaliana wao wawili, wakang'oa miti michanga ya miraa, safu nne, wakapanda nepia, yale majani marefu ya kulisha mifugo, wakaleta ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, mweusi na mweupe. Miti ya zamani, ile ya babu, hawakuigusa, maana hiyo hakuna anayethubutu. Lakini hata ile michanga iliwatosha watu kuwa na la kusema kwa mwaka mzima. Walisema mwanamke yule anafuga majani. Walisema mumewe amelishwa kitu.

Mimi ndiye niliyempandisha yule ng'ombe. Mimi pia ndiye niliyemwambia mama, nikiwa nimesimama katikati ya shamba lake, kwamba nepia haitamwangusha. Ng'ombe akifa, nilijua nani atachekwa kila atakapokwenda sokoni, na nani ataambiwa ndiye aliyemshauri.

Ugonjwa wenyewe niliutambua kwa ule mstari wa masikio baridi. Unaitwa homa ya maziwa, ingawa mwili haupati joto lolote. Ng'ombe wa maziwa mengi akizaa, kalsiamu iliyo damuni inakimbilia kwenye kiwele, na misuli inabaki bila nguvu. Mnyama analala, shingo inajipinda ubavuni, anapoa, na siku haiishi kabla moyo haujasimama. Dawa yake ni chupa moja ya kalsiamu ikidondoshwa polepole kwenye mshipa wa shingo. Nimetibu mambo mengi maishani, sijaona tiba tamu kama hiyo: unamkuta ng'ombe anakufa, unamwacha anakula. Kwenye kabati la ofisi ilikuwa imebaki chupa moja.

Chupa zilikuwa za kioo, na mbili zilikuwa zimeshanivunjikia njiani. Tangu hapo nilijifunza kuzifunga kama watu wa Laare wanavyofunga miraa: majani mabichi ya mgomba ndani, majani makavu nje, kisha kamba ya gome la mgomba inazungushwa na kukazwa. Hata jua liwake vipi, dawa inafika baridi, na mashimo ya barabara hayaidhuru. Nilijivunia sana ujanja huo. Haikunipitia akilini kwamba katika vilima vile kila kitu kilichofungwa namna hiyo ni miraa, na kwamba fungu langu lilikuwa sawasawa na fungu la kilo moja la mtu yeyote.

Nilipofika Laare ilikuwa saa ile mji unachemka. Miraa imeshachumwa tangu alfajiri, imeshafungwa, pikapu zinanguruma, na kila mtu anakimbia. Hapo ndipo gurudumu la nyuma lilipoanza kuyumba. Niliposhuka, tairi lilikuwa limelala kabisa na kichwa cha msumari kinameremeta kwenye mpira. Nilikitazama kile kichwa, nikaipiga teke pikipiki, nikaumia kidole cha mguu.

Kando ya barabara, chini ya kivuli cha kibanda, wanaume watano sita walikuwa wamekaa wakifunga miraa, na mafungu yaliyokuwa tayari wameyapanga chini juu ya majani. Nilifungua mzigo wangu wote ili niweze kuilaza pikipiki. Mkoba wa vyombo nikauweka kando. Ile chupa, kwa kuwa nilihofia jua lingeipata, nikaiweka kivulini. Niliiweka mwisho wa safu yao.

"Daktari, leta tukusaidie," mmoja alisema. "Pancha sisi tunaziba kila siku."

"Nimekuomba?"

"Ai! Tumekosana lini?"

Wenzake wakacheka. Nikainama, nikabandua tairi kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika, nikavuta tyubu. Sikuwa na beseni la maji la kutafutia mapovu, kwa hiyo nilijaza upepo kidogo, nikasogeza shavu na kuzungusha tyubu mpaka nikausikia upepo mdogo ukinipuliza chini ya jicho. Nikatema mate, povu likatokea. Nikasugua kwa msasa. Nikafungua kitube cha solusheni, nikakikamua, kikatoa hewa. Nilikuwa nimekifunga vibaya wiki iliyopita na gundi yote ilikuwa imekauka, ngumu kama ukucha.

Sasa ikabidi kuomba kwa watu niliowafokea. Nilikaa kidogo nikiwa na tyubu mkononi, nikijifanya ninakagua. Kisha nikauliza, bila kumtazama mtu, kama kuna mwenye solusheni. Mzee wao, mwenye kofia ya sufi, akaingiza mkono mfukoni akanirushia kitube kipya. "Leo tumeombwa," akawaambia wenzake, na mimi nikahisi masikio yakiniwaka moto.

Nilibandika kiraka, nikahesabu mpaka mia, nikarudisha tyubu, nikapiga pampu mpaka mabega yakauma. Nilikuwa nimepoteza karibu saa nzima. Nilifunga mkoba, nikaokota fungu langu mwisho wa safu, nikalibana kwenye keria kwa mpira, nikawasha. Nilipokuwa naondoka nikawasikia wakipiga kelele nyuma yangu: "Daktari! Daktari, ngoja!" Nikakumbuka kwamba kitube chao kipo mfukoni mwangu. Nikainua mkono, nikapaza sauti kwamba nitakirudisha jioni, nikaongeza mafuta. Waliendelea kuita. Nilijisemea kwamba watu hawa, kwa gundi kidogo tu, wana makelele.

Nyumbani kwa yule mama nilikuta watu wawili zaidi ya yeye. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, ndugu mkubwa wa mumewe, mwenye shamba la miraa jirani. Wa pili alikuwa mchinjaji kutoka sokoni, aliyekaa juu ya gogo na gunia limekunjwa mapajani, na ndani ya gunia kulikuwa na umbo la kisu. Shemeji ndiye aliyemwita. Sikumlaumu hata siku ile. Ng'ombe akichinjwa angali anapumua ni nyama, akifa mwenyewe ni shimo la kuchimba.

Ng'ombe alikuwa amelala kwenye zizi juu ya majani makavu, shingo imepinda, kichwa kimeegemea ubavu kama anayesikiliza tumbo lake. Ndama wake, jike, alikuwa kwenye kona amesimama kwa miguu inayotetemeka. Niligusa masikio ya ng'ombe, baridi. Pua imekauka. Niligusa jicho kwa ncha ya kidole, akafumba kwa uvivu sana. Muda ulikuwepo bado, lakini si mwingi.

"Muga, mama," nilimsalimu, maana nilikuwa sijasalimia. "Usiogope. Dawa ninayo."

Nikasema hivyo kwa sauti, ili yule wa kwenye gogo asikie. Nikatoa mpira wa kudondoshea dawa na sindano. Nikachukua fungu, nikakata kamba, nikafunua jani la kwanza, na la pili, na la tatu. Ndani kulikuwa na miraa. Vijiti vyekundu laini, vibichi, vimepangwa vizuri sana.

Kuku alipita. Mama alitazama mikono yangu, akatazama uso wangu.

"Daktari," alisema polepole, "umeniletea miraa?"

Shemeji yake ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, nakumbuka, alifunika mdomo, lakini ilimshinda. "Imejirudisha," alisema. "Uling'oa, sasa imerudi na pikipiki ya serikali!"

Nilihisi damu ikinipanda. Nikasema nimeibiwa. Nikasema Laare imejaa wezi, kwamba nilisimama kidogo tu kuziba pancha na wakabadilisha mzigo wangu, kwamba nitawapeleka kwa chifu mmoja mmoja. Nilisema mengi. Na huku nikisema, nilikuwa nimeshajua. Niliiona ile safu ya mafungu, nikayaona yale mawili ya mwisho, nikauona mkono wangu mwenyewe ukienda kwenye lisilo langu. Nikasikia upya zile kelele nyuma yangu. Hakuna aliyekuwa akitaka gundi. Pikapu hazingoji mtu, na wapakiaji huzoa safu nzima bila kufunua jani; chupa yangu ya kalsiamu ilikuwa tayari ndani ya mojawapo, inakimbia kuelekea Nairobi pamoja na miraa, na usiku ule mtu fulani mjini angefunua majani na kushangaa.

"Iko ingine Muthara?" mama aliuliza.

"Hakuna. Labda Meru."

Kwenda Meru mjini na kurudi ilikuwa jioni nzima, na ng'ombe hakuwa na jioni nzima. Mchinjaji alikohoa. "Mimi sina haraka," alisema, kwa upole kabisa, "lakini ikikufa yenyewe hiyo nyama siwezi chukua. Mama aseme tu."

Mama hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Niambie ukweli, daktari. Hakuna njia ingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikageuka kuitazama pikipiki, nadhani kwa sababu nilitaka kitu cha kupiga teke, na macho yakaangukia pampu iliyofungwa kando ya fremu. Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu mmoja mzee wa chuoni. Siku moja alituambia kwamba zamani, kabla kalsiamu haijaingia kwenye chupa, homa ya maziwa ilitibiwa kwa upepo. Kiwele kinajazwa hewa kupitia chuchu mpaka kikaze, na kikikaza maziwa yanaacha kutengenezwa, na kalsiamu inarudi kwenye damu. Alituonyesha mara moja kwa pampu ya baiskeli. Tulicheka sana. Akacheka na yeye, akasema hamtafanya hivi hata siku moja, nawaambia tu muwe na hadithi.

Nilimwomba mama maji ya moto, sabuni, na sufuria ndogo. Mkobani nilikuwa na mrija mwembamba wa chuma wa kuzibulia chuchu zilizoziba. Nikauchemsha. Nikatafuta cha kuunganisha mrija na pampu, nikachakura kisanduku cha viraka mpaka chini, na pale nikakapata kale kampira ka vali. Upande mmoja kakaingia kwenye mrija, upande wa pili kakabana kwenye mdomo wa pampu. Katikati nikasokota pamba safi yenye spiriti, ili vumbi la barabara ya Muthara lisiingie kwenye kiwele cha watu.

"Unataka kufanya nini na hiyo?" shemeji aliuliza.

"Kumpiga pampu."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Akamtazama mchinjaji. Mchinjaji akamtazama yeye. "Mimi nimechinja miaka mingi," yule wa kwenye gogo alisema, "hii sijaona." Kisha akaweka gunia chini, akaja karibu ili aone vizuri.

Tulimwinua ng'ombe akae kwa kifua, shemeji akasukuma, mchinjaji akasukuma, tukamwegemeza kwa magunia ya maganda ya mahindi asilale ubavu na kujaa gesi. Nikaosha chuchu zote nne, nikazipangusa kwa spiriti. Nikaingiza mrija kwenye ya kwanza. Kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na hasira. Niliogopa. Ukizidisha, unapasua ndani. Ukipunguza, umefanya mchezo mbele ya watu. Nikamwambia shemeji apige pampu polepole, nami nikaweka kiganja kwenye kiwele nikisikiliza kwa ngozi. Robo ile ikajaa, ikakaza. Nilipoigonga kwa kidole ilidunda kama ngoma ndogo. Nikasema basi.

Ilibidi chuchu ifungwe ili upepo usitoke, lakini kwa kitambaa kipana. Mpira ungekaza mno na kuiua. Nikauliza kama kuna kitambaa laini. Mama akavua kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha akina mama wa kanisa alichokuwa amejifunga tangu asubuhi kwa ajili ya maombi, akakiuma ukingoni, akakichana vipande vinne bila kukitazama. Tukafunga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha sikuwa na la kufanya tena.

Nilikaa chini. Sijui kukaa na kungoja, kila anayenijua atakwambia. Nilisugua kiwele, nikasugua mgongo, nikagusa masikio kila baada ya dakika mbili mpaka mama akaniambia nimwache mnyama apumzike. Shemeji alichukua kijiti kimoja kwenye lile fungu, akaniangalia kama anaomba ruhusa, akakitafuna. Mchinjaji naye akachukua. Walitafuna, macho kwenye ng'ombe. Mama alisimama mlangoni mwa zizi, kichwa wazi, mikono kifuani. Nusu saa ikapita, na nusu nyingine. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia. Niliyapanga vizuri, na yote yaliwahusu wezi.

Kisha sikio likacheza. Nilidhani ni nzi. Likacheza tena. Nikaligusa, na sikuamini kiganja changu, nikamwita mama aliguse yeye.

"Iko na joto," alisema. "Kidogo. Iko na joto!"

Pua ikaanza kutoa matone. Shingo ikanyooka, pole pole, kama mtu anayeamka usingizini hajui yuko wapi. Ng'ombe akateuka, teuko refu lenye harufu ya nepia, na nakuapia sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile. Akatetemeka mwili mzima. Akatoa kinyesi. Mchinjaji akasema, "Haya, sasa," kwa sauti ya mtu anayetazama mpira. Ng'ombe akajaribu, miguu ya nyuma ikainuka, ya mbele ikakataa, akaanguka kwa magoti, na sote tukaguna pamoja. Akapumzika. Akajaribu tena. Akasimama. Alisimama miguu imeachana, kiwele kimetuna, vipande vinne vya kitambaa cheupe vinaning'inia, akageuza kichwa akamtafuta ndama wake.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikaa kwenye yale majani machafu, nikalia kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni. Shemeji alinipiga bega mara mbili, na mkono wake ukabaki pale kidogo. Mchinjaji alikunja gunia lake upya. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama ninapita sokoni wiki ijayo, kwa maana yeye pia alikuwa na ng'ombe mwenye mimba.

Baadaye nilifungua vile vitambaa kimoja kimoja, nikamwambia mama asikamue mpaka kesho, ndama apewe kidogo sana, na kwamba nitarudi asubuhi na chupa hata kama itanibidi kuifuata Meru. Shemeji alikwenda kukata nepia. Hakuna aliyemtuma. Tulibaki mimi na mama jikoni, yeye akichochea moto, na furaha niliyokuwa nayo ikaanza kunichoma mahali fulani. Sikuweza kunywa chai ya yule mwanamke na uongo ule mdomoni.

"Mama," nilisema, "hakuna mwizi. Mimi ndiye niliyeokota fungu la wenyewe. Wakaniita, nikakataa kugeuka."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Daktari, wewe ni mtu wa Embu, lakini umekaa huku sasa. Mwizi wa Laare anaiba miraa. Anaweza kukuachia miraa?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza mbona hakusema pale pale, mbele ya shemeji yake, wakati nilipokuwa nikitukana mji mzima huku ng'ombe wake anakufa kwa kosa langu.

Alimimina chai kwanza. Alinipa kikombe kwa mikono miwili.

"Ningesema, ungekasirika," alisema. "Ungepanda hiyo pikipiki uende. Mimi ningebaki na ule mtu na kisu yake. Nikaona heri ninyamaze, ukae."

Chai ilikuwa turungi, isiyo na tone la maziwa, kwa kuwa kiwele kile hakuna aliyethubutu kukigusa siku hiyo. Nikainywa yote, akaniongeza kikombe cha pili, nacho nikakinywa.